Nani Kero Hapa?

Uliza mtu yeyote asiyetoka huku kwetu anajua nini kuhusu Tsavo. Atakuambia simba. Simba wawili, mwaka 1898, wakivamia kambi za vibarua wa reli usiku baada ya usiku. Wameandikiwa vitabu, wametengenezewa filamu Hollywood, na wenyewe wako mpaka leo ndani ya kioo kwenye makumbusho ya Field, Chicago. Patterson, mzungu aliyewapiga risasi, alikuja kudai waliua watu 135. Wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya yao wakatoa makadirio mwaka 2009: karibu watu 35.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine. Wahindi 31,983 waliletwa kujenga reli ile. Kati yao 2,493 walikufa na 6,454 walirudishwa kwao wakiwa hawafai tena kazi. Hata ukimpa Patterson simba wake wote na watu wake wote 135, bado hujafika hata kumi kwa kila mia ya waliokufa. Wengi wa waliobaki walimalizwa na malaria, kuhara damu, vidonda vilivyooza na ajali za kazi. Na hapo hatujagusa Waafrika, ambao hakuna aliyejisumbua kuwahesabu vizuri.

Kuhara hakuna makumbusho. Hakuna mtalii anayelipa kiingilio aone choo cha kambi ya mwaka 1898. Ndiyo maana historia ya huku imejaa wanyama na haina vyoo, na ndiyo maana hata leo ndovu akivunja tangi la maji Voi itakuwa habari ya saa moja jioni, lakini mtoto akiharisha wiki nzima kwa sababu ya maji ya kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka choo cha shimo, hiyo si habari. Hiyo ni "mama yake hakuchemsha maji".

Ni sentensi hiyo ya mwisho ninayotaka kupigana nayo hapa.

Miaka 18 baada ya simba, Voi ikawa mji wa vita. Waingereza walitandika reli mpya kutoka hapa kuelekea Taveta, kupitia Maktau, ili wawafikie Wajerumani. Mwezi Februari 1916 walipigwa vibaya Salaita, mwezi Machi wakavuka Latema na Reata. Hayo utayasoma kwenye vibao vya hoteli. Kitu ambacho vibao havisemi kwa sauti ni kwamba jeshi lile lilibebwa mabegani na wapagazi, ndio hao waliotuachia majina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa hesabu rasmi ya Waingereza wenyewe, waliokufa ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi ya kweli ni kubwa zaidi ya hiyo, pengine mara mbili. Risasi ziliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, kwa sababu walipewa unga wa mahindi usioiva sawasawa, maji ya kubahatisha, blanketi haba, na kambi ambazo vyoo vyake vilikuwa wazo la mwisho la afisa wa mwisho.

Wazungu waliokufa wana mawe yenye majina kwenye makaburi ya vita ya Voi na Taveta, nyasi imekatwa, lango limepakwa rangi. Wapagazi hawana. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo, ya Jumuiya ya Madola, ilikiri kwenye ripoti yake kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Iliwachukua zaidi ya miaka mia moja kusema hivyo.

Kuna kitu kingine kilichotoka Uingereza miaka hiyo na bado tunaishi nacho. Tarehe 6 Septemba 1921, chini ya miaka mitatu baada ya vita kwisha, ilianza kutumika Sheria ya Afya ya Umma, ile tunayoiita Sura ya 242. Imekarabatiwa hapa na pale, lakini mifupa ni ile ile. Afisa wa afya anapoingia kibanda cha chapati Kaloleni na kukipa notisi, anatembea na sheria iliyozidi umri wa miaka 100. Na neno lililo katikati ya sheria hiyo ni neno la zamani la Kiingereza ambalo kwetu lingekuwa "kero". Choo kibovu ni kero. Mtaro ulioziba ni kero. Nyumba iliyosongamana watu ni kero. Uingereza yenyewe, afisa aliyezunguka mitaa kukagua mambo haya alikuwa na cheo rasmi cha inspekta wa kero. Si utani.

Kwa hivyo tuulize: kule lilikotoka, neno hili lilimkamata nani?

Mwaka 1875 bunge la Uingereza lililazimisha kila mamlaka ya mtaa iwe na daktari wake wa afya na inspekta wake wa kero. Daktari huyo hakuwa wa kutibu mafua. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Nani amekufa, mtaa gani, nyumba gani, maji ya wapi, choo cha aina gani. Na kila mwaka aliandika ripoti, ikapelekwa mbele ya madiwani, magazeti yakaichukua, wapangaji wakajua mtaa wao unazika watoto wangapi. Zile za London peke yake ni maelfu, zimewekwa mtandaoni, bure. Ukiwa na bando unaweza leo kusoma ukiwa Voi ni mtaa gani wa London ulikuwa na mitaro mibovu mwaka 1905. Tafuta sasa ripoti kama hiyo ya Sofia, Mwakingali au Birikani ya mwaka jana. Nakusubiri.

Chukua Nottingham. Daktari wa mji alikuwa Philip Boobbyer, akakaa kwenye kiti hicho kutoka 1889 hadi 1929. Mji wake ulikuwa na maelfu ya vyoo vya ndoo, vile ambavyo mtu wa manispaa anakuja usiku kumwaga. Boobbyer hakuzunguka akihubiri kwamba watu wa Nottingham ni wachafu. Alipanga wagonjwa wa homa ya matumbo kulingana na aina ya choo cha nyumba yao, na jedwali likasema lenyewe: nyumba za vyoo vya maji ziliugua mara chache sana kuliko za vyoo vya ndoo na mashimo. Watu ni wale wale, mji ni ule ule, tofauti ni bomba. Baada ya hapo hoja ikawa imehama. Swali halikuwa tena "kwa nini masikini hawanawi mikono?" Likawa "kwa nini mwenye nyumba na baraza la mji hawajatoa zile ndoo?" Walibishana miaka mingi, kwa sababu wenye nyumba walikuwa na marafiki barazani, kama popote. Lakini walibishana juu ya namba zilizokuwa mezani, kila mtu akiziona.

Matokeo? Mwaka 1900, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Uingereza na Wales, karibu 150 walikufa kabla ya kufikisha mwaka mmoja. Kufikia 1920 walikuwa karibu 80. Antibayotiki hazikuwepo. Chanjo nyingi tunazozijua hazikuwepo. Kulikuwa na maji, mifereji, maziwa safi, mishahara iliyopanda kidogo, na watu wa kuhesabu.

Sitaki mtu aniambie nimelewa Uingereza. Wao pia walikuwa na wale wa "mama hakuchemsha maji". Mwaka 1906 daktari George Newman alitoa kitabu kuhusu vifo vya watoto ambacho uzito wake wote uliangukia umama: mama hajui, mama anafanya kazi nje, mama afundishwe. Mwaka uliofuata alikuwa daktari mkuu wa bodi ya elimu. Halafu likaja joto la kiangazi cha 1911, nzi wakajaa, kuhara kukapanda, na vifo vya watoto vikaruka hadi karibu 130 kwa kila 1,000, baada ya kuwa karibu 105 mwaka uliotangulia. Je, kina mama wote wa Uingereza walisahau umama kwa miezi mitatu, halafu wakaukumbuka ilipofika baridi? Nzi hawakutoka kwenye ujinga wa mtu. Walitoka kwenye vyoo vya ndoo na samadi ya farasi.

Na maji yao hayakushuka kutoka mbinguni pia. Birmingham ilipokosa maji safi, ilienda kuyachukua Wales, bonde la Elan. Nyumba, shule na kanisa vikazama chini ya mabwawa, watu zaidi ya 100 wakahamishwa, na fidia ikaenda kwa wenye mashamba makubwa tu. Mfalme Edward VII akaja kufungua mwaka 1904. Maji yakasafiri kilomita 118 kwenda kuosha watoto wa mji mwingine.

Ukiwa mtu wa Taita Taveta hiyo hadithi huhitaji kutafsiriwa. Chemchemi za Mzima ziko kwetu, ndani ya Tsavo Magharibi. Bomba lililokamilika miaka ya 1950 linabeba maji yake zaidi ya kilomita 200 mpaka Mombasa. Linapita Voi. Na Voi, mji wenye mtaa unaoitwa Birikani, jina lenye birika ndani yake, bado unaishi kwa mgao, mitungi ya lita 20 na mkokoteni. Bomba la pili limeahidiwa kampeni baada ya kampeni. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti ni hifadhi ya wanyama. Yaani ardhi ni ya ndovu, maji ni ya pwani, na notisi ya kero ndiyo ya mama chapati.

Mombasa si adui. Mtoto wa Changamwe ana haki ya maji kama mtoto wa Mwatate. Lakini usininyime maji kisha unifundishe kunawa mikono kwa bango.

Maana hivyo ndivyo tunavyofanyiwa. Kipindupindu kikigonga nchi, kama kilivyogonga kuanzia Oktoba 2022, jambo la kwanza unaloliona mtaani ni marufuku: hakuna kuuza chakula barabarani. Kanjo wanashuka, sufuria zinabebwa, mama wa githeri na mwenye mutura wanapoteza mtaji wa wiki. Ni sheria, eti. Sawa, hebu tuisome hiyo sheria mpaka mwisho. Kifungu cha 115 kinasema mtu yeyote asisababishe kero. Hicho kanjo wanakijua. Kinachofuata, cha 116, kinasema ni wajibu wa kila mamlaka ya mtaa kuchukua hatua zote halali na zinazowezekana ili eneo lake liwe safi wakati wote, na kuzuia kero zisitokee. Kifungu cha 129 kinaipa mamlaka hiyo hiyo wajibu wa kulinda maji ya watu yasichafuliwe. Umewahi kusikia serikali yoyote ya mtaa imepewa notisi chini ya vifungu hivyo viwili? Mimi sijawahi.

Mkoloni alichukua sheria yenye makali mawili akanoa upande mmoja. Daktari wa mji wa Uingereza alijibu kwa baraza lililochaguliwa na watu aliowahesabu. Hapa afisa wa afya alijibu kwa gavana. Profesa Simpson aliletwa kutoka London mwaka 1913 kukagua usafi wa Afrika Mashariki, na dawa aliyoandika kwa miji kama Nairobi ilikuwa kutenganisha watu kwa rangi. Usafi ukawa ukuta. Kule kero ilikuwa choo, huku kero ikawa mtu. Tukapata uhuru, tukabadilisha bendera, tukabadilisha katiba, na huyo mtu bado ni kero.

Hata miradi ya kisasa ina harufu hiyo. Tangu 2007 vijiji vingi Kenya vimepitia ile mbinu iliyozaliwa Bangladesh, ambapo wanakijiji wanakusanywa, wanazungushwa mpaka pale wanapojisaidia vichakani, wanaonyeshwa nzi akitoka kinyesini kwenda kwenye chakula, mpaka aibu iwakamate wachimbe vyoo. Wengi walichimba, na vyoo hivyo vimeokoa watoto, sibishi. Lakini angalia ni nani anayetiwa aibu. Mwanakijiji. Sijaona waziri wa kaunti akizungushwa kuonyeshwa nzi.

Najua majibu yatakayokuja, basi tuyajibu.

La kwanza: "Lakini hata sisi tunatupa taka ovyo." Kweli kabisa. Mtu anayemwaga nepi kwenye mkondo wa Voi anastahili kuambiwa. Lakini tabia ina mahali inapokaa. Ukipanga kwenye ploti ya vyumba kumi yenye choo kimoja, shimo limejaa na mwenye nyumba hapokei simu, tabia yako nzuri itaishia wapi? Lori la kunyonya shimo linalipwa na nani? Katika sensa ya 2019, chini ya kaya 10 katika kila 100 nchini zilikuwa zimeunganishwa na mfereji mkuu wa maji taka. Hizo nyingine 90 haziwezi kuwa na tatizo la tabia wote kwa pamoja.

La pili: "Uingereza ilikuwa na pesa, tena pesa za kwetu." Kweli pia. Birmingham ilikopa, ikajenga, ikalipa, huku dola ikivuna duniani kote. Kaunti yenye watu 340,671 haiwezi kuchimba mfereji kila mtaa kwa bajeti moja. Lakini kuna kitu kimoja ambacho Boobbyer alikuwa nacho na hakikuhitaji dola wala mkopo. Jedwali.

Na jedwali sisi tunalo. Hapa ndipo hasira yangu inapokaa hasa. Tangu 2011 Kenya ina mfumo wa taarifa za afya unaopokea takwimu za kila kituo, kila mwezi. Watoto wa chini ya miaka mitano walioletwa na kuhara wanaingizwa humo, kituo kwa kituo. Na tangu Septemba 2023 serikali imetuma wahamasishaji wa afya ya jamii, karibu 100,000, nyumba kwa nyumba na simu mkononi. Wakifika kwako wanauliza: mna choo? Mna mahali pa kunawa mikono? Maji ya kunywa mnayatibu? Wanajaza, wanaenda nyumba inayofuata, kwa posho ya shilingi 5,000 ambayo mara nyingine wanaisubiri kama mvua.

Kwa hivyo vyoo vyetu vimehesabiwa. Kuhara kwetu kumehesabiwa. Mtu fulani ofisini, akitaka, anaweza leo mchana kulinganisha wadi ya Kaloleni na ya Mbololo, Sagala na Kasigau, aweke idadi ya watoto wanaoharisha kando ya idadi ya nyumba zisizo na choo, na kando ya siku ambazo bomba lilitoka maji. Angepata kile Boobbyer alichokipata kwa kalamu na karatasi. Sisi tumetoa majibu mlangoni, tukaambiwa asante, na hesabu haikurudi.

Hiyo si kukosa pesa. Ripoti ya kurasa 40, kwa Kiswahili, wadi kwa wadi, ikibandikwa mtandaoni na kwenye ubao wa kila zahanati kila Januari, ni bei ya warsha moja ya hoteli Diani. Haiji kwa sababu namba zikishabandikwa, lawama inahama. Mama wa Sofia akiona kwamba nyumba za mtaa wake zinaugua mara nyingi kuliko za mtaa wenye bomba, hatamuuliza tena jirani yake kama alichemsha maji. Atamuuliza mwakilishi wadi.

Basi tuwaulize. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi ya kutosha na viwango vinavyofaa vya usafi wa mazingira. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya kupata taarifa ya 2016 inataka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Jedwali la Nne la katiba limeweka maji, usafi na uzoaji taka kwenye mikono ya kaunti, kwa hivyo usikubali kutumwa Nairobi.

Barua yenyewe ni fupi. Andika jina lako na wadi yako, halafu maswali matatu. Mwaka uliopita, watoto wangapi wa chini ya miaka mitano walitibiwa kuhara katika kila kituo cha wadi hii? Nyumba ngapi kati ya zilizotembelewa hazina choo kinachotumika? Na chini ya kifungu cha 116 cha Sura ya 242, kaunti imechukua hatua gani, lini, kwa shilingi ngapi?

Usiandike peke yako. Wakiandika watu watano ni wasumbufu. Wakiandika 500 kutoka ploti za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, hiyo ni kero, na safari hii tutakuwa tumeichagua wenyewe.